Mkono Mmoja wa Sweta

Visa yangu ilipotoka, sikukimbilia kununua sanduku. Nilipanda Olenguruone kuliaga kaburi la nyanya. Wewe uliyekulia milimani unapajua pale njiani ambapo masikio huziba, hewa ikaanza kunukia moshi wa kuni na majani ya chai, nawe ukajilaumu kwa kutobeba koti. Nilijilaumu. Nilikuwa nimejifunika leso ya kuazima, napita nyuma ya zizi, nilipoliona gurudumu la nyanya la kusokotea sufu limeegemezwa ukutani, na kuku wawili wamelala juu yake. Yaani kuku! Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nyanya mwenyewe hakupenda kitu kikae bure.

Nakueleza kwanza ninakokwenda. Mimi ni fundi wa mabomba ya mvuke. Nimefanya kazi Olkaria tangu nimalize chuo, na sasa kampuni ya nchi moja ya theluji, ambako huchimba mvuke ardhini kama sisi, imenipa mkataba wa miaka miwili. Visa ni ya kampuni, si yangu. Ukiachana na kazi yao umeachana na nchi yao pia, unafunga virago. Binti yangu wa gredi ya tatu hawezi kuandamana nami. Atabaki Nakuru kwa mama yangu. Najua kuachwa kunavyouma, kwa sababu nami niliachwa nikiwa na umri kama wake, na kwa sababu hiyo nilikaa chini kando ya wale kuku nikawa sitaki kuondoka.

Nyumba ya nyanya ilinuka kondoo. Sisemi kwa ubaya. Alikuwa na kondoo wa sufu, na kila walipokatwa manyoya nyumba nzima iligeuka karakana. Sufu ililoweshwa kwenye mapipa ya maji ya mvua, ikasuuzwa, ikaanikwa juu ya ua mpaka ua wenyewe ukaonekana umeota mvi. Kazi yangu na ya kaka yangu ilikuwa kuchambua mbegu za magugu zilizong'ang'ania ndani yake. Mikono yetu ililainika kwa mafuta ya kondoo, na shuleni mwalimu alijua tulikuwa tunafanya nini jana bila kuuliza. Kisha nyanya aliichana sufu kwa brashi mbili za meno ya waya, akaketi kwenye gurudumu. Fundi wa kijijini alikuwa amelitengeneza kwa rimu ya baiskeli, likawa linalia kwii, kwii, kama linalalamikia kustaafu. Tulikula viazi vilivyochomwa kwenye jivu, tukinywa chai yenye ladha ya moshi, huku nje mvua ya mawe ikitwanga mabati. Mpaka leo nikisikia mvua ya mawe njaa inaniuma.

Baba tulimzika mapema. Mama alichuma chai ya watu na pareto ya nyanya, mpaka pareto ikakosa soko na chai ya watu ikawa haitoshi. Ndipo akapata kazi ya nyumbani Uarabuni, miaka miwili, visa ikitolewa na mwajiri. Alituambia wakati tunakula, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia mahali pengine. Aliapa kwamba tutasoma. Kaka yangu aliuliza kama huko kuna mlango wa kutokea, na mama akasema upo, na utamrudisha kwetu.

Nyanya hakumzuia. Alitoka nje, akamshika kondoo mnene kuliko wote, akaanza kumkata manyoya.

Lazima nikueleze kosa la nyanya, maana hakuna mtu mwingine angelifanya. Alikuwa amezaliwa kwenye shamba la mzungu, na wazungu wote aliowahi kuwaona walivaa sweta na kukaa mbele ya moto. Kwa hesabu yake, basi, ng'ambo ni baridi. Ng'ambo yote. Jirani yetu, dereva mstaafu aliyekuwa ameshiba habari za redio, alijaribu kumwelewesha.

"Mathe, kule ni jangwa. Unaweza kaanga yai juu ya gari."

"Wewe umefika?"

"Sijafika, lakini..."

"Basi kunywa chai."

Mama naye akajaribu. "Mama, ni ukweli. Kule ni joto sana. Sweta nitapeleka wapi?"

"Huko jangwani kuna usiku?"

"Uko."

"Haya. Usiku nao utavaa nini?"

Alisokota na kufuma kila alipopata nafasi. Alifuma kwa hasira, sindano zikigongana, na sisi tukawa tunatembea kwa vidole. Ikatoka sweta nyeupe nzito, ya kumsimamisha mtu hata akiwa hana mifupa. Ila mkono wa kushoto uliishia kwenye kiwiko. Nyanya alizipitisha tanzi za uzi zilizobaki sindanoni kwenye kamba ya katani, akafunga fundo, akaukata uzi. Donge la uzi uliobaki akalitundika msumarini juu ya meko.

Mama aliigeuza sweta huku na huku. "Mama, huu mkono?"

"Huo mwingine utaukuta hapa."

Hapo ndipo tulipojua desturi yake. Babu, ambaye sikumkuta, alichimba udongo mweupe kule Kariandusi, ule unaorukia nguo mpaka mtu anarudi nyumbani kama aliyelala kwenye gunia la unga. Vijana wenzake wengi walipotelea Gilgil na mishahara yao. Babu alirudi kila mwisho wa mwezi, kwa sababu nyanya alimfumia sweta kidogo kidogo, leo kifua, mwezi ujao bega. Alisema mwanamume anaweza kusahau mke, lakini hawezi kusahau kwamba bega lake moja liko wazi. "Mtu anayesafiri," alituambia, "usimmalizie kitu." Sijasikia desturi hiyo kwa mtu mwingine yeyote. Nadhani aliitunga yeye.

Mama aliondoka alfajiri na gari la maziwa, amevaa ile sweta, mkono mmoja umefunikwa na mwingine uko nje kwenye umande. Sikumpungia. Nilikuwa nimekamata ua kwa mikono yote miwili, na nilijua nikiuachilia nitalifuata lile gari.

Simu zilipatikana kwa shida. Mtandao ulikuwa karibu na tangi la maji la shule, na Jumapili baada ya kanisa tulisimama pale kama watu wanaosubiri mgao. Mara ya kwanza mama alipopiga, alicheka kabla hatujasalimiana.

"Mama, huku ndani ni baridi! Wako na mashine ya baridi, inanguruma mchana na usiku. Mimi hulala na sweta."

Nyanya alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi na nguo zake za kanisani. Kisha akamtuma kaka yangu mbio kwa yule dereva mstaafu, akamwambie kwamba jangwani ni baridi. Jirani yetu hakuja kunywa chai kwetu kwa muda.

Lakini mama aliongeza kwamba mkono wa kushoto unamsumbua. Unaganda. Sijui kwa nini jambo hilo liliniingia kuliko mengine yote. Usingizini nilikuwa nauona mkono wa mama umelala peke yake kwenye baridi ya watu. Nilimwendea nyanya, nikamwomba tumtumie lile donge la uzi kwa watu wa ajenti aliyempeleka Uarabuni, atafute mtu wa kumfumia huko. Nililia. Nyanya aliendelea kumenya viazi.

"Akitaka joto, arudi."

Nilimchukia siku ile, nakwambia bila kuficha. Niliona ni mama mkatili anayeadhibu mtoto wake kwa kwenda kututafutia karo. Kila nilipoingia jikoni nililitazama lile donge. Moshi ulikuwa unalilamba. Kutoka nyeupe likawa rangi ya maziwa yaliyoungua, kisha rangi ya chai, na nyanya hakulifunika wala kulishusha.

Mkataba ulipokaribia kuisha, mama alipiga simu siku isiyo Jumapili. Nilikuwa natoka shule na nyanya alikuwa amekuja kuchota maji. Mwajiri alikuwa ameridhika naye, tena sana. Alikuwa tayari kuiongeza visa. Kaka yangu alikuwa anaelekea sekondari, na mama akasema labda abaki mara hii moja tu, halafu basi. Nyanya aliiweka simu kwenye spika ili nami nisikie. Nilitaka kupiga kelele nimwambie mama aje. Nyanya alinishika bega.

"Mwanangu, mimi sikuiti," alisema. "Mkataba ni wako, wewe ndio unajua ile umeona huko. Lakini nikwambie kitu moja. Macho yangu imeanza kuingia ukungu. Huo mkono siwezi kuufuma kwa kupapasa."

Tukasikia mama anapumua, na kule nyuma yake ile mashine inanguruma.

"Nimesikia, Mama," akasema, akakata.

Hakusema anakuja wala anabaki. Zikapita wiki ambazo nyanya hakulizungumzia kabisa, ila niliona ameanza kufumia karibu na dirisha, akizijaribu sindano kwa ncha za vidole. Alikuwa anaogopa. Mimi niliyemwona jabali, nilimwona anaogopa.

Mama alishuka kwenye gari lilelile la maziwa, asubuhi yenye jua kali, amevaa sweta. Watu wa njiani walidhani ni mgonjwa. Tulipomaliza kumrukia na kumlowesha machozi, nyanya hakumpa hata nafasi ya kuoga. Alimkalisha kigodani uani, akalitungua donge, akazitoa zile tanzi kwenye kamba ya katani na kuanza kufuma mkono sweta ikiwa mwilini. Mama alikuwa kama ndama aliyefungwa kwenye kigingi. Akitaka kunyanyuka, uzi unamvuta. Chai tulimnywesha sisi. Nyanya alifuma akiwa ameinamisha uso mpaka pua inagusa kiwiko cha binti yake, na kazi ilipofika kwenye kifundo cha mkono aliung'ata uzi kwa meno, akasema, "Sasa umefika."

Mkono huo ulikuwa na rangi mbili, mweupe juu na wa chai chini. Mama hakuondoka tena. Alifungua kibanda cha mitumba Nakuru, akatusomesha kwa nguo za watu wengine, na sweta yake hakuiuza.

Sasa nyanya hayupo. Kondoo waliuzwa, jiko la kuni lilibomolewa, na kwenye shamba la pareto kuna nyumba ya ghorofa ambayo haijakamilika. Vitu hivi havikuondoka kwa kishindo. Kila nilipokwenda nilikuta kimoja kimepungua, nikasema aah, nitauliza kesho. Sikuwahi kumwomba nyanya anifundishe kufuma. Hilo ndilo lililoniuma nikiwa pale kwenye kilima, maana najua bomba la mvuke toka kisimani hadi mtamboni, na sijui kupitisha uzi kwenye tanzi moja.

Niliporudi Nakuru, mama alikuwa ameshaitoa sweta sandukuni. Iko imara, inanukia dawa ya nondo. Aliitandika kwenye kochi mbele yangu na ya binti yangu.

"Wewe ndio unaenda baridi ya ukweli," akasema. "Nyanya yako angefurahi. Chukua, iko nzima."

Niliishika. Nikautafuta ule mwisho ambao nyanya aliung'ata, nikaukuta, nikauvuta.

"Unaharibu nini sasa!" mama akapiga ukelele.

Nilifumua taratibu, uzi wa rangi ya chai ukawa unatoka umejikunja, hautaki kunyooka, na binti yangu bila kuambiwa akaushika na kuanza kuuzungusha vidoleni. Tulifumua mpaka kiwikoni. Mama alikuwa amekaa chini, amejiziba mdomo. Alikuwa ameelewa.

"Na nani atamalizia?" aliuliza baadaye, kwa upole. "Mimi sijui. Wewe hujui. Mwenye kujua tulimzika."

Binti yangu akamjibu nyanya yake bila kuinua hata kichwa kutoka kwenye donge lake.

"Shosho, si nitajifunza tu? Kwani miaka mbili ni kidogo?"

Mama alinitazama, nami nikamtazama, tukacheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu ile sauti tuliijua sote wawili. Nilizifunga tanzi kwa kamba, nikaivaa sweta. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa wazi, na niliuhisi. Kisha nikalichukua donge nikaangalia mahali pa kulitundika. Jiko la mama ni la gesi, halina moshi, kwa hiyo sijui uzi huu utageuka rangi gani safari hii, lakini ni lazima ukae pale binti yangu atakapouona kila akiingia kula.

Mama akanikumbusha kwamba mwenye nyumba hataki msumari hata mmoja ukutani mwake.

Nikamwomba nyundo.