Mteremko wa Rosaire Claveau

Rosaire Claveau alifanya kazi kwenye kiwanda cha aluminiamu tangu ujana wake hadi siku walipompa saa ya ukutani na kumwambia akapumzike. Muda wote huo alikwenda kazini kwa gari lake mwenyewe, kwenye baridi zote za Saguenay, jimboni Quebec, bila kuchelewa na bila kununua matairi ya theluji. Hilo la pili ndilo alilojivunia zaidi.

"Tairi ni mpira tu," alikuwa akisema. "Anayeendesha ni mtu."

Alitumia matairi yale yale mwaka mzima. Nyuma ya gari alipakia magunia ya mchanga ili liwe zito, akaweka na koleo la kuondolea theluji, na yaliyobaki akayaachia mikono yake. Aliendesha polepole mno. Hapa kwetu Anse-aux-Bouleaux, ukikuta msururu wa magari mwezi wa Januari, huna haja ya kuuliza nani yuko mbele.

Mkewe, Huguette, alipanda gari hilo kwa miaka mingi bila kusema neno. Kisha Krismasi moja, wakiwa njiani kwenda kula kwa dada yake, gari lilizunguka barabarani mara moja na nusu, likasimama likitazama walikotoka. Rosaire akasema hakuna kilichoharibika. Huguette akakubali kwamba hakuna, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu akiwa amebeba pai la nyama na viazi. Tangu siku hiyo, theluji ya kwanza ikianguka, hakuingia tena kwenye gari la mumewe mpaka barabara zikauke. Alinunua vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya viatu, akawa anatembea. Jumapili walitoka nyumbani pamoja, yeye kwa miguu pembeni, mume kwa gari katikati ya barabara, na mara nyingi walifika kanisani kwa wakati mmoja. Hawakuwa wamegombana. Aliyetangulia alimshikia mwenzake nafasi.

Mwaka ule serikali ya Quebec ilipoanza kuzungumzia sheria ya kumlazimisha kila mwenye gari kuweka matairi ya theluji, tulifanya mkutano ukumbini chini ya kanisa. Rosaire alisimama wa kwanza. Alikuwa amevaa koti la harusi.

"Mpe mtu tairi nzuri, atakimbia," alisema. "Mpe tairi mbovu, ataogopa, na mwenye kuogopa hufika kwake. Sasa serikali inataka kutuondolea woga. Halafu mwakani watakuja kutuchagulia soksi."

Watu wakampigia makofi. Mimi pia nilipiga, maana alisema vizuri.

Normand Maltais, mwenye gereji, akainuka. Normand ni kaka yake Huguette. "Shemeji, mimi ndiye ninayevuta magari kutoka mitaroni. Ya waoga pia nayavuta."

"Wewe lazima uipende sheria hiyo. Si unauza matairi?"

"Nauza. Na asiyenunua kwangu, yuko jirani yangu anauza majeneza."

Ndipo Huguette akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma. "Mimi nina swali kwa Rosaire. Kama ni ujuzi wa dereva tu, mbona mimi natembea?"

"Kwa sababu unapenda kutembea."

"Sipendi."

Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda inayofuata.

Jumapili iliyofuata tuliamka tukakuta mvua ilinyesha usiku na kuganda palepale ilipoanguka. Kanisa letu liko juu ya kilima, na barabara inashuka moja kwa moja kutoka mlangoni, inapita mbele ya nyumba zetu, hadi mahali pa kuteremshia mashua. Baada ya hapo ni barafu tupu ya ghuba, na vibanda vya watu wanaovua samaki kwa kutoboa barafu. Padri alituomba tusiguse magari mpaka wamwage mchanga barabarani. Rosaire alishukuru kwa ushauri, akawasha lake.

Alishuka kwa mwendo wa mtu anayetembea, na Huguette alikuwa ubavuni mwake na vyuma vyake. Nilikuwa nyuma yao kidogo, nimeshikilia ukuta wa theluji pembeni. Walipofika nyumbani kwao, Huguette alisimama. Gari halikusimama. Akaanza tena kutembea, akagonga dirisha, Rosaire akashusha kioo.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani tumeshapita."

"Najua."

"Umekanyaga breki?"

"Tangu kanisani."

"Basi kata usukani uingie kwenye theluji."

"Nimeshakata. Angalia matairi."

Huguette akaangalia. Matairi yalikuwa yamekata kulia kabisa, na gari lilikuwa linakwenda mbele, taratibu, kama meza inayosukumwa sebuleni. Majirani waliokuwa madirishani walimpungia Rosaire mkono, naye akawapungia.

"Fungua mlango uruke," Huguette akasema.

"Siwezi. Nikishuka, nani atakuwa na hili gari?"

Nilidhani ni ubishi wake wa siku zote. Kisha nikatazama kule alikokuwa anatazama yeye. Chini kabisa, pale pa kuteremshia mashua, watoto walikuwa wanacheza na sleji zao za kutelezea kwenye theluji. Walikuwa wametugeuzia mgongo, kofia zimewaziba masikio. Rosaire alipiga honi. Mmoja aligeuka, akaona gari la Mzee Claveau linakuja polepole kama kawaida yake, akarudi kwenye mchezo.

Huguette naye akatazama kule. Alikunja sketi akakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia, wala sikujua kwamba anaweza. Vyuma vyake vilikwaruza barafu, na gari lililokuwa linakwenda naye sambamba likabaki nyuma, lakini si nyuma sana, maana mteremko ulizidi na gari nalo likaongeza mwendo. Alifika, akawashika wawili kwa kola za makoti, wa tatu akamsukuma kwa goti, wote wakaangukia kwenye theluji. Gari likapita. Lilipasua sleji ya plastiki, likashuka kwenye barafu ya ghuba, likateleza kati ya vibanda, likaja kusimama lenyewe mbele ya kibanda cha Normand, hatua chache tu na mlango.

Normand akafungua, ameshika kamba ya ndoano.

"Shemeji."

"Normand."

"Kahawa ipo."

Rosaire hakunywa kahawa. Alipanda kilima kwa miguu, na kwa kuwa viatu vyake vya kanisani vilikuwa laini chini, Huguette alimshika mkono njia nzima. Mchana nilipita kwao kuwajulia hali. Sahani ya Rosaire ilikuwa mbele yake, hajaigusa.

"Wale watoto," alisema.

"Wazima," Huguette akasema. "Kula."

"Yule mmoja aliniangalia kabisa. Akaona ni mimi, akatulia."

Hakula. Gari lilivutwa kutoka kwenye barafu, likakaa uani chini ya turubai mpaka majira ya kuchipua. Alikwenda mwenyewe kuwapelekea watoto sleji mpya, akasimama mlangoni kwa wazazi wao kwa muda mrefu. Sijui alisema nini, na wao hawakusimulia.

Sheria ilipita. Ilikuwa ianze katikati ya Desemba. Novemba, kabla hata theluji haijashika, Rosaire aliendesha hadi gereji.

"Nifungie manne," alimwambia Normand.

"Una haraka gani? Sheria bado haijaanza."

"Ndiyo maana nimekuja leo. Nataka ijulikane kwamba sikulazimishwa."

Normand akamfungia manne. Jioni Huguette alilizunguka gari, akalipiga tairi moja teke, akapanda. Mkutano uliofuata Rosaire alisimama tena kuipinga sheria. Mtu akamkumbusha kwamba gari lake liko hapo nje na matairi mapya. "Tairi ni nzuri," akajibu. "Sheria ni mbaya. Mtu mwenye akili anaweza kubeba mambo mawili." Safari hii hakupigiwa makofi, ila hakuna aliyembishia.

Miaka michache baadaye macho yake yalianza kupata ukungu, daktari akamkataza kuendesha. Huguette, ambaye hakuwahi kushika usukani, alijiandikisha kwenye shule ya udereva pamoja na vijana, akafaulu mara ya kwanza. Anaendesha haraka kuliko wote hapa kijijini. Wiki za mwanzo Rosaire alishikilia mlango kwa mikono miwili. Halafu akazoea, akawa anasinzia kabla hawajamaliza kutoka kijijini. Huguette aliniambia kwamba katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona amelala ndani ya gari. Kwa hiyo wakitoka hospitali mjini Chicoutimi hapiti njia kuu. Anazunguka kwa njia ya ziwani, ambayo ni ndefu, ili asimwamshe mapema.