Paipu ya Hewa Moto ya Rashid

Shemeji yangu Rashid Ndambuki hakuwa mtu wa maneno mengi, ila ukitaja gari. Hapo tafuta kiti ukae. Alikuwa na Peugeot 504, pikapu iliyokuwa nyeupe zamani, na kila asubuhi kabla ya jua aliondoka nayo Kyumbi kwenda kwenye mashamba ya ng'ombe ya Konza, akapakia mitungi ya maziwa, kisha akaipeleka mjini Machakos. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na dada yangu Habiba, na mimi pia siku ambazo machungwa yangu hayakununuliwa pale stendi.

Baridi ya Konza mwezi wa saba usiiulize. Upepo unatoka mbali bila mti wa kuuzuia, na ukifika unaingia hadi kwenye mifupa. Gari la Rashid liliteseka. Alivuta choki nusu ya safari, injini ikakohoa, na harufu ya petroli ikajaa hadi kwenye koti lake.

Basi siku moja alichukua mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, akaukata, akaukunja ukazunguka bomba la moshi pale linapotokea kwenye injini, penye moto hasa. Kutoka hapo akaunganisha paipu ya bati aliyoigonga mwenyewe, hadi kwenye mdomo wa chujio la hewa. Injini ikaacha kuvuta upepo wa Konza, ikawa inavuta hewa iliyokwisha kupashwa.

"Baridi inafanya petroli isichanganyike vizuri na hewa," alitueleza, mikono imejaa grisi, chai yake inapoa. "Injini inaitisha choki, na choki ni kumwaga mafuta. Lakini ukiipea hewa moto, inakunywa kidogo tu. Kama kuku."

Na kweli, yale mafuta yaliyokuwa yakiisha safari mbili yakawa yanafika ya tatu. Kyumbi nzima ikalijua neno hilo, gari la Rashid linakunywa kama kuku. Wenye magari wakaja wafungiwe paipu, naye akawafungia, malipo yake yakiwa kusikilizwa. Alikuja hata mtu wa Katangi, Rashid akamfukuza. "Kwenu ni jua, mzee. Hii ni dawa ya baridi. Ukiipeleka huko injini itachemka, utarudi hapa kunitukana." Alisifiwa sana mwaka huo. Mgema akisifiwa, mnajua wenyewe.

Habiba alikuwa na pumu tangu utotoni, na mwezi wa saba ulikuwa adui yake. "Angalia bwana yangu," aliniambia akicheka. "Gari amelipa hewa moto, mimi amenipa sweta." Rashid naye alicheka, lakini ni yeye aliyeamka kwanza kuchemsha maji, akamwekea karai mezani avute mvuke na shuka kichwani, akikaa karibu mpaka pumzi itulie. Walipendana wale watu. Nasema wazi, kwa sababu Rashid mwenyewe hawezi kulisema bila kuligeuza liwe habari ya injini.

Mwaka wa elfu mbili mvua ilikataa, mabwawa yakakauka, stima ikawa ya mgao. Kituo chetu cha petroli hakikuwa na jenereta. Stima ikienda, Urbanus, kijana wa kituo, alikaa juu ya kasha la soda akaangalia pampu kama mtu aliyefiwa. Kwa hiyo Rashid alijaza mtungi mmoja wa plastiki siku stima ilipokuwepo, akauweka stoo nyuma ya nyumba. Watu walipouomba, alikataa. "Hiyo ni ya kifua cha Habiba," alisema. "Akibanwa nimfikishe Machakos. Akiba haiozi."

Ijumaa moja ya mwezi huohuo wa saba, Rashid alipata lifti kwenda kuswali mjini, akaacha pikapu nyumbani na kuondoka na ufunguo mfukoni. Mimi nilikuwa stendi na machungwa. Haya yaliyofuata nilikuja kuhadithiwa na Rahmo na mumewe.

Rahmo ni mke wa Isse, muuza ng'ombe, jirani tuliyegawana naye ukuta. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi, na mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Pikapu ya Isse ilikuwa tangi kavu. Stima hakuna. Isse akaja mbio mlangoni kwa Habiba, jasho linamtoka katika baridi ile.

Habiba akaenda stoo, akamtolea mtungi.

"Dada Habiba, hii si ile ya kifua chako?" Isse akauliza.

"Kifua changu leo kimenyamaza. Mwaga kwako, niachie kidogo huko chini. Gari ya Rashid inakunywa kama kuku, hiyo kidogo itanifikisha na inirudishe."

Isse akamwaga, akamlaza mkewe nyuma, akaondoka. Habiba akaurudisha mtungi mahali pake, kifuniko kimekazwa. Jioni hakumwambia mumewe. Najua kwa nini. Angemwambia, angehubiriwa mpaka asubuhi, na alikuwa amechoka.

Kesho yake, baada tu ya swala ya alfajiri, Rashid alinigongea. Nilimkuta dada yangu ameketi ukingoni mwa kitanda, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Dawa ya kuvuta ilikuwa imekwisha kazi. Mvuke haukusaidia.

Rashid alitoa mtungi stoo, akauinua, akasimama. Akautikisa. Tangini alikuwa na kidogo tu, kwa sababu siku zote alitia kipimo cha safari na si zaidi.

"Shemeji, huo ni mwepesi," nikamwambia. "Malori yamelala pale stendi. Tuamshe dereva mmoja."

"Yamepungua vipi haya?" alisema, lakini si kwangu. Kisha akamimina yote. "Twende, Maryam. Hii gari naijua. Na hii baridi, na paipu yangu, tutafika."

Tukamweka Habiba katikati yetu. Ukungu ulikuwa mzito, barabara ilionekana vipande vipande. Na lazima niseme ukweli, gari lilikwenda vizuri. Halikukohoa, halikuitisha choki. Rashid alikuwa ameinama kwenye usukani, anasikiliza injini kwa sikio moja na pumzi za mkewe kwa lingine, na nilimwona akianza kuamini kwamba tutafika.

Kwenye mlima, kabla ya kuuona mji, injini ilinyamaza. Hivyo tu. Rashid alishuka, akafungua boneti, akashika ile paipu. Ilikuwa moto. Kila kitu alichokitengeneza kilikuwa kinafanya kazi yake, ila petroli hakuna. Akatikisa gari kwa bega lake ili matone ya chini yakusanyike, akawasha, likanguruma kidogo, likafa tena. Akatikisa tena. Nililia kwa hasira. Nilitaka kulipiga teke gari lile na mwenyewe pia.

Habiba alimwita kwa mkono. Rashid akaja mlangoni, akapiga goti kwenye kokoto.

"Usikasirike," alisema, neno moja moja. "Nilimpa Isse mafuta. Rahmo alikuwa... mtoto amekaa vibaya. Wewe ulisema... yako inakunywa kidogo."

Rashid alishika uso wake kwa mikono miwili. "Umefanya vizuri," alisema. "Hata mimi ningempa. Usiongee sasa, mama. Pumua tu."

Lori la mchanga lilitokea kwenye ukungu, likipanda polepole kwa uzito. Dereva alisimama bila hata kuulizwa, Mungu amlipe. Tulimpandisha Habiba mbele, mimi nikamshika, Rashid akaning'inia mlangoni. Mjini tulikuta ng'ombe wanavuka barabara, lori likasimama kuwapisha. Hapo ndipo dada yangu alipokufa, kichwa chake begani kwangu. Nilijua mara moja. Sikusema mpaka tukafika hospitali, kwa sababu Rashid alikuwa anamwambia kupitia dirishani kwamba tumekaribia.

Baada ya daktari kumwangalia na kumfunika, tulitoka tukasimama uani. Rashid hakulia. Alikuwa anafuta mikono yake kwenye suruali, anafuta tena, ingawa haikuwa na kitu.

Ndipo Isse akatokea upande wa wodi ya wazazi, na chupa ya chai mkononi, anacheka peke yake. Alipotuona alipaza sauti.

"Rashid! Ni msichana! Daktari amesema tungechelewa kidogo ningewakosa wote wawili. Mafuta yenu, wallahi! Mmekuja kumwona? Habiba yuko wapi? Rahmo anasema mtoto ashikwe na Habiba kwanza."

Isse alinitazama mimi, akatazama leso yangu ilivyolowa, na kicheko kikaondoka usoni kwake.

"Habiba ametutoka, Isse," Rashid alisema. "Asubuhi hii. Kifua."

Isse aliweka chupa chini, pale pale kwenye vumbi. Akasema maneno tunayosema kila mtu akifa, kisha nikamwona akihesabu jambo kichwani. Alipouliza, sauti ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeogopa kujibiwa.

"Gari... gari iliwafikisha?"

Nilifungua mdomo. Mimi si mtu mwema kama Habiba, na neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Rashid akanitangulia.

"Ilitufikisha," alisema. "Rudi kwa mke wako, Isse. Asiachwe peke yake."

Tulimzika siku hiyohiyo kabla ya alasiri. Isse alikuwa mbele kabisa chini ya jeneza, na hakukubali mtu ampokee.

Jioni, wageni walipopungua, Rashid alikuja akakaa karibu nami kwenye ngazi ya jikoni. Kisha akaniuliza bila kunitazama.

"Maryam. Kama tungeamsha lori pale stendi, Habiba angefika?"

Nilimwangalia mtu huyu niliyemkasirikia tangu alfajiri. Nilijua jibu la kweli, na yeye siku zote aliamini kwamba mimi sijui kudanganya.

"Hapana, shemeji," nikamwambia. "Hata kwa lori asingefika."

Akatikisa kichwa kukubali, na ndipo akaanza kulia.