Tepu Zilizopakwa Dawa ya Fukusi

Kompyuta ya mradi wa mbegu iliwekwa katika nyumba iliyokuwa ya meneja wa mkonge, pembeni mwa mji wa Kilosa, kwa sababu kuta zake zilikuwa nene na chumba kimoja kiliweza kupoozwa kwa jenereta. Nilipofika hapo nikitoka Chuo Kikuu, na shahada ya hisabati ambayo hakuna aliyejua aifanyie nini, swali langu la kwanza lilikuwa kwa nini mashine ya gharama ile haikuwekwa mahali ambapo mto Mkondoa haufiki. Mkuu wa kitengo alijibu kwamba nyumba ilichaguliwa na wafadhili. Nikamuuliza kama wafadhili waliwahi kuuona Mkondoa ukifurika. Tangu siku hiyo akaniita "ndugu msomi," na haikuwa sifa.

Kazi niliyopewa ilikuwa ya nakala. Ndani ya mashine mlikuwa na diski, pana kama mfuniko wa sufuria la harusi, na juu ya diski hiyo ndiko vilikokaa vijiji vyote tulivyovihudumia. Kila kijiji kilikuwa na faili lake: kaya zake, ekari zake, aina ya ardhi, mbegu iliyowafaa. Msimu ulipokaribia, mashine ilisoma mafaili hayo na kuchapa karatasi pana zenye matundu pembeni, na malori ya mbegu yalikwenda palipoandikwa na karatasi, si kwingine.

Diski huharibika. Kwa hiyo kila kilichokuwamo kilinakiliwa kwenye tepu, zile za magurudumu makubwa. Vitabu vya mashine vilishauri tunakili kila kitu kila wiki, lakini tepu zilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazikuwapo. Tukaamua kunakili kila kitu mara moja kwa msimu. Nakala hiyo tuliiita tepu ya sifuri. Baada yake, kila Jumamosi, tulinakili yale mafaili tu yaliyobadilika tangu Jumamosi iliyotangulia, na tepu hizo ndogo tuliziita za wiki. Diski ikifa, unaanza na sifuri, kisha unaweka juu yake tepu ya wiki ya kwanza, halafu ya pili, kwa mpangilio, kama mtu anavyokandika ukuta: udongo wa kwanza, kisha wa pili, mpaka nyumba ifanane na ilivyokuwa jana.

Nilimuuliza mkuu swali ambalo halikuwamo katika vitabu. Faili likibadilika, tepu ya wiki inalibeba. Likifutwa je? Ni tepu gani inayojua kwamba halipo tena?

"Tepu hainakili kisichokuwepo, ndugu msomi," alisema, akaendelea kunywa chai.

Niliona jibu hilo linatisha. Yeye aliona ni jibu tu.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Ndugu yake mama yangu, mama mdogo aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa mmoja wa watu waliofutwa. Kitongoji chao kilikuwa ng'ambo ya mto, nyumba zilizotawanyika kati ya migomba na mahindi, na watu walikaa hapo tangu enzi za mababu. Ilipokuja amri ya kuhamia vijijini, waliokawia walichomewa nyumba. Mama mdogo alikawia. Moto uliondoka na paa, na chini ya paa, uchagani juu ya jiko, mlikuwa na mahindi ya mbegu aliyoyatundika penye moshi kama alivyofanya mama yake. Alitoka na jembe na sufuria. Walipelekwa kwanza kijiji kimoja upande wa Chanzuru, kisima kikakauka, wakahamishwa tena kwenda kijiji kipya njia ya Msowero. Nilikuwa tayari mradini wakati huo. Faili la kitongoji cha zamani, ambalo hakuna aliyeliondoa walipohamishwa mara ya kwanza, nililifuta mimi, kwa amri, na la kijiji kipya nikaliandika mimi. Mama mdogo aliingia humo kama kaya ya mtu mmoja.

Nilipokwenda kumsalimu, baada ya shikamoo na marahaba na habari za walio hai, aliuliza jambo moja tu.

"Sisi tumo?"

"Mmo, mama."

"Kwenye hiyo mashine?"

"Kwenye mashine."

Hakuwa na mbegu nyingine. Mbegu zake mwenyewe zilikuwa majivu, na bwana shamba alikwishawaambia wasipande mahindi ya nyumbani, wasubiri ya mradi yaliyo bora. Kijiji kizima kilisubiri hivyo. Kwa hiyo swali lake lilikuwa na uzito kuliko maswali yangu yote ya Chuo Kikuu yaliyowekwa pamoja.

Kwa kuogopa mafuriko, tepu hatukuziweka Kilosa. Kila Jumamosi Landrova ilizibeba kwa barabara ya vumbi mpaka Mikumi, ambako mradi ulikuwa na stoo juu ya kilima, karibu na barabara kuu ya lami. Humo zilihifadhiwa pia mbegu za sampuli. Niliuliza nani anazitunza tepu. Nikaambiwa mtunza stoo, mzee mwaminifu kuliko sisi sote. Hilo lilikuwa kweli.

Mafuriko hayakuja. Kilichokuja ni jenereta kukohoa mwisho wa kiangazi, umeme ukazima na kuwaka na kuzima tena, na kutoka ndani ya mashine tukasikia mlio kama msumari unaoburutwa juu ya bati. Mkuu alisimama, akasikiliza, akazima swichi kwa mkono wake. Diski ilikuwa imekwaruzwa duara zima. Vijiji vyote vilikuwa vimekwenda.

"Ndiyo maana kuna tepu," alisema. Na kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba nilifanya kazi ile kwa uangalifu.

Tulifika Mikumi mchana. Mtunza stoo alitupokea, nikamwamkia, akatufungulia. Stoo ilikuwa safi kuliko ofisi yetu. Tepu zilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa, zimepangwa kwa mfuatano, na nilipoteremsha boksi la kwanza na kulifungua, unga mweupe ulinimwagikia kifuani. Gurudumu lote lilikuwa limepakwa, katikati ya mikunjo ya tepu kabisa, kwa mkono wenye subira. Niliijua ile harufu. Ni ile dawa ya fukusi tuliyopaka kwenye mbegu.

"Mzee, nani amepaka hii?"

"Mimi," alisema, bila hofu. "Kila kinacholala stoo hii hupakwa dawa. Mliniambia nivitunze visiliwe."

Sote mradini tulikuwa watu wa mbegu. Tuliishi kwa kanuni moja: kisichopakwa dawa kitaliwa. Maboksi yalikuja na alama ya mradi, kama mifuko ya sampuli, na hakuna kati yetu aliyemwambia mzee yule kwamba kuna kitu duniani kinachohifadhiwa bila dawa. Tepu za wiki zilikuwa kwenye maboksi ya karatasi, akazifungua zote. Ile ya sifuri ilikuwa ndani ya chombo kigumu cha plastiki chenye pete ya kubana; alijaribu, ikamshinda, akapaka dawa kwa nje.

Tuliporudi Kilosa tulijaribu kuzipangusa kwa spiriti na pamba. Ya kwanza tuliyoiweka ilisoma kidogo, kisha mashine ikaanza kukoroma. Mkuu aliitoa haraka. Kichwa kinachosoma kilikuwa na mikwaruzo myembamba. Alisema tukiendelea tutakiua kichwa, na hata sifuri haitasomeka. Nililibishia kila neno lake mwaka ule, lakini hilo sikulibishia. Alikuwa sahihi.

Tukafunga diski ya akiba, tukaweka sifuri peke yake.

Ilisomeka yote, bila kosa hata moja, na mkuu akashukuru Mungu. Mimi nilikaa mbele ya mashine nikaiambia inioneshe majina ya vijiji. Kitongoji cha ng'ambo ya mto kilikuwepo. Kaya zake zote, migomba yake, mama mdogo na ekari yake ya zamani, vyote vilikuwa hai. Kijiji kipya cha njia ya Msowero hakikuwepo, kwa sababu kilizaliwa baada ya sifuri, na maisha yake yote yalikuwa kwenye tepu zenye unga. Vilivyofutwa vilifufuka, vilivyoishi havikuzaliwa.

Nilimweleza mkuu. Hakuwa mjinga, alielewa kabla sijamaliza. Lakini mkoa ulikuwa unadai karatasi, mvua zilikuwa karibu, na kuandika upya mafaili kulihitaji takwimu za wilaya ambazo wilaya yenyewe ilikuwa inazisubiri kutoka kwetu.

"Chapa," alisema.

"Watu hawapo huko. Mashine inasema ilivyokuwa, haisemi ilivyo."

"Ndugu msomi, mashine ndiyo tuliyowaambia waiamini. Leo nikawaambie wasiiamini?"

Nikachapa. Kisha nikachukua karatasi ya kawaida, nikaandika kwa kalamu jina la kijiji kipya, kaya zake na mbegu zinazostahili, nikaipeleka mwenyewe kwa ofisa wa ghala. Aliisoma kwa makini, akaigeuza kuona kama nyuma kuna matundu au muhuri. Akanirudishia.

"Huu ni mwandiko wa mtu," alisema.

Nilipanda lori lililokwenda ng'ambo ya mto, nikitumaini kwamba mtu akiyaona magofu kwa macho yake atageuza usukani. Tulikuta familia moja ya wafugaji, iliyohamia hapo kwa ajili ya majani, na boma lao limejengwa palipokuwa uwanja wa kitongoji. Mtu wa makamo alitoka, akatazama magunia. Utingo alimtaka mwenyekiti wa kijiji atie sahihi.

"Mwenyekiti ni yule," alisema mfugaji, akionesha fahali mweusi. "Lakini halimi."

Utingo alicheka. Dereva hakucheka, maana alikuwa na safari nyingine. Nilimwomba twende njia ya Msowero. Alisema karatasi yake haina Msowero, na dizeli yake imepimwa. Magunia yakarudi ghalani, na ghalani yakasubiri kikao cha kugawa upya, na kikao kikasubiri faili la kijiji, ambalo lilisubiri takwimu. Mvua haikusubiri.

Nilikwenda kwa mama mdogo siku ya tatu ya mvua. Shamba lake lilikuwa limelimwa, mistari imenyooka, udongo mweusi umelowa vizuri. Nilimwamkia. Aliitikia, akanipa kigoda, na akauliza kama kawaida.

"Sisi tumo?"

"Hamumo, mama."

Nilimweleza. Nilitumia maneno mengi mno, tepu ya sifuri, tepu za wiki, dawa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanena kwa lugha yetu ya nyumbani, taratibu, kama mtu anayehakikisha ameelewa.

"Kwa hiyo tumo kule walikotuchomea."

"Ndiyo."

"Na hapa walipotuleta hatupo."

Nilisema ndiyo. Hakulia, wala hakulaumu. Aliuliza kama ningekula.

Alipanda mahindi ya njano ya msaada, yale ya kula, aliyopewa na jirani. Yaliota kwa kuchelewa. Yalipofika kubeba mashada mvua ikakatika, na majani yakajikunja kama karatasi iliyo karibu na moto. Magunia ya mradi yalifika kijijini baada ya hapo, kwa mdundo wa ngoma na hotuba, mbegu bora wakati ambapo hakuna wa kuzipanda. Wengine waliziosha dawa wakazipika. Yeye hakuzipika, aliniambia alikwishaona mtu akitapika.

Nilimpelekea unga nilipoupata, lakini hata Kilosa mjini unga ulikuwa wa foleni. Alidhoofika. Homa iliyompata mwezi wa njaa ni homa aliyokwisha kuipata mara nyingi akapona. Safari hii hapakuwa na mwili wa kupona nao. Tulimzika kijijini, katika ardhi ambayo bado ilikuwa ngeni kwake, na majirani wakasema maneno mazuri kwa sauti za watu wenye njaa.

Takwimu za wilaya zilikwisha kuja wiki chache kabla. Nilikuwa nimeandika faili la kijiji kipya, yeye akiwemo, kaya ya mtu mmoja, na tukachukua sifuri mpya siku ileile. Baada ya mazishi nilifungua faili na kuondoa mstari wake. Badiliko hilo lilikwenda kwenye tepu ya wiki. Kwenye sifuri hajafa.

Jumamosi iliyofuata nilisafiri na tepu mwenyewe. Mtunza stoo wa Mikumi alikuwa amelitoa kopo la dawa nje, chini ya ukingo wa bati, mbali na mlango. Nilimwamkia. Hakuniangalia usoni. Nilimkabidhi maboksi mawili.

"Hizi nisizipake?"

"Usizipake, mzee."

Alizipangusa vumbi la njia kwa shati lake mwenyewe, kwanza moja, kisha nyingine. Akauliza ndani mna nini hasa, kwa sababu hakuwahi kuambiwa.

"Watu," nilisema.

Alifikiri. Kisha akapanda ngazi na kuziweka rafu ya juu, akarudi chini, na akasimama pale akizitazama kama mtu aliyeachiwa mgonjwa bila dawa.