Magunia ya Mchanga

Fundi wa kunyoosha magurudumu hapa kwetu kwenye milima ya Rodope hagusi nati kabla hajapakia mchanga: kila anayepanda gari lako, gunia lake kitini, ili lipimwe na uzito wake wa kila siku. Huyapigapiga kama anayebembeleza watoto. Jana nilimpelekea gari nililoliinua kwa springi ndefu, maana barabara ya kijijini haipitiki tena.

"Umeliinua hivi, unachumia matufaha humo humo? Haya, pembeni anakaa nani?"

"Hakuna. Mke wangu Radka yuko Ujerumani."

"Nyuma?"

"Kawachukua watoto."

Akayarudisha magunia ukutani, kwenye rundo ambalo sasa limeziba dirisha. Akanikalisha kwenye usukani, akalala chini, akalegeza, akakaza, akapima tena. Kisha akafuta mikono, kidole kwa kidole.

"Magurudumu yamenyooka, Zlatko. Ila gari la mtu mmoja hulalia upande, ndugu yangu. Hilo sina spana yake."