Siku Niliyompeleka Mzungu wa Ubalozi Ukweni Bila Kibali

Kuna mambo mtu unayafanya ukiwa kijana, ukiyakumbuka uzeeni unajikuta unaficha uso hata kama uko peke yako chumbani, na langu mimi ni hili la kumpeleka mzungu wa ubalozi mahali alipokatazwa kufika, tena si kwa sababu yoyote ya maana, nilitaka tu wakwe zangu wanione kwenye gari lenye bendera.

Nilikuwa dereva wa ubalozi mmoja wa Ulaya pale Dar (nchi siitaji, walinitendea wema). Ilikuwa miaka ile wapigania uhuru wa nchi jirani wamejaa kwetu, na maadui zao wanatuma vifurushi vyenye mabomu na watu wa kufanya hujuma, kwa hiyo serikali ikaamua kwamba ofisa wa ubalozi wa nje hatoki jijini bila kibali, na kibali kinaandikwa unakwenda wapi, kwa njia ipi, unarudi saa ngapi. Ukionekana kwingine, una maswali ya kujibu. Mgambo wa kila kijiji walishaambiwa wakae macho.

Siku hiyo nilimpeleka bosi wangu, katibu wa pili wa ubalozi, kutembelea shule moja Kibaha. Kibali kilisema Kibaha na kurudi, kwa barabara kuu, basi. Shughuli ikaisha mapema, bosi akala wali akashiba, tulipofika Kiluvya nikamtazama kwenye kioo, amelala mdomo wazi. Hapo ndipo shetani akaniingia. Kule Kibuta, ndani ya Kisarawe, kulikuwa na binti anaitwa Mwanaidi, nami nilikuwa nimepeleka barua ya posa kwa baba yake, Mzee Kondo, mwezi wa pili huo hakuna jibu, na (Mungu anisamehe) nilikuwa nimemtuma mshenga akaseme kwamba mimi ni ofisa wa ubalozi. Nikajiambia, nakata kulia hapa, napita mbele ya nyumba ya mzee, wananiona, nageuza, bosi anaamka tuko Dar, nani atajua?

Nikakata kulia.

Tulifika Kibuta salama kabisa, na kama ningepita kwa mwendo ule ule nisingekuwa na cha kuwasimulia leo, lakini mbele ya nyumba ya Mzee Kondo nikapunguza mwendo ili nionekane vizuri, na kwenye mchanga ule kupunguza mwendo ndiko kunasa kwenyewe. Gurudumu likazunguka, gari likazama, watu wakatoka majumbani, bosi akaamka. Akaniuliza tuko wapi, nikasema njia ya mkato, naye (maskini, aliniamini) akashuka na kamera yake akaanza kupiga picha nyumba za makuti.

Picha ya tatu haikupigwa. Mgambo wanne walikuwa wameshatuzunguka, na kiongozi wao akaniuliza nimembeba nani. Nikavuta kifua nikajibu, "Balozi."

"Wa nyumba kumi zipi?" akaniuliza, na hakuwa anatania, maana viongozi wa kila nyumba kumi pale kijijini nao huitwa mabalozi, na wote aliwajua kwa sura.

Akakichukua kibali, akakisoma kwa sauti mbele ya kijiji kizima, polepole, mpaka palipoandikwa Kibaha, akanitazama. Kamera ikachukuliwa, mtu akatumwa kwa baiskeli akaite polisi Kisarawe, sisi tukaketishwa barazani kwa Mzee Kondo, nimevuliwa viatu, na Mwanaidi ananichungulia mlangoni. Katikati ya kungoja kule kitu kikagonga ndani ya buti la gari. Mtu mmoja akasema ni bomu, na baraza zima likalala chini, na mimi nikiwamo, ingawa nilijua fika kwamba ni jogoo tuliyezawadiwa na shule.

Inspekta alifika jua linaanza kushuka. Bosi alikuwa ameshakuwa mweupe kuliko alivyozaliwa, kwa kuwa alijua mwenzake mmoja, kwa kosa kama hili, alikuwa amepewa siku moja tu afungashe aondoke nchini. Na hapo nikaona mlango wa kutokea: ningesema bosi ndiye aliyeniamuru, mimi ningelala kwangu na yeye angefukuzwa. Nilimtazama, nikashindwa.

Inspekta akaniuliza kazi yangu. Nikasema dereva. Mzee Kondo akadakia kwamba wao waliambiwa ni ofisa, na watu wote wakanigeukia.

"Ni dereva tu, afande," nikasema. "Huyu bwana alikuwa amelala, hakujua lolote. Nilikuja kuonekana na wakwe."

Kikalipuka kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka Kisarawe mjini. Inspekta hakucheka, alitoa filamu kwenye kamera, akaandika maelezo yangu, akamwonya bosi, akaamuru mgambo walisukume gari na yeye mwenyewe atusindikize mpaka barabara kuu.

Nikiwa navaa viatu Mzee Kondo akanisogelea. Nikainama, nikamwomba radhi.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo kwamba ni dereva?" akaniuliza kwa upole. "Miezi miwili nimekaa na barua yako silali, naogopa namwoza mwanangu kwa jasusi."

Nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia la mkaa kichwani. Ubalozini niliondolewa kwenye usukani nikaosha magari miezi mitatu, bosi aliitwa wizarani akajieleza akasamehewa, na jibu la posa likaja Ijumaa iliyofuata. Mwanaidi ninaye mpaka leo. Na mimi niliapa, sitajipandisha cheo tena mbele ya mtu: akiniuliza kazi yangu, namwambia nilikuwa dereva, nanyamaza.