Niliwaambia Wamzike Mama wa Rafiki Yangu Bila Yeye

Nilikosa mimi. Si shetani, si utoto, wala hakuna aliyenishauri vibaya. Nilifanya kwa akili zangu timamu. Jina langu silitaji, Tukuyu hapa tunajuana mno, na la rafiki yangu nimelibadilisha. Nitamwita Tupo.

Tupo na mimi tumekulia Ikuti, kati ya kwao na kwetu kuna shamba moja tu la chai. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu. Tangu hapo mama Tupo ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenifundisha hata mambo ya kike. Nisipoonekana kwao wakati wa kula alikuwa anatoka kunitafuta! Huyo ndiye niliyemfanyia haya.

Tulikuwa na kikundi cha muziki, watu sita. Mimi kiongozi na mpiga gitaa, Tupo mwimbaji. Mwaka jana tukaalikwa kwenye tamasha Livingstone, kule Zambia. Jamani, nililia kwa furaha! Miaka yote tunapiga kwenye harusi na kipaimara, leo tunaitwa nje ya nchi! Tukakodi Hiace, tukapanga kupita Malawi.

Mama yake alikuwa na presha, na Tupo akaanza kusitasita. Mama mwenyewe ndiye aliyemhimiza aende. Siku ya kuondoka alitufungia mbalaga kwenye hotpoti, ndizi na nyama, za moto kabisa. Akanishika mkono.

"Huyu nakukabidhi wewe."

"Ndiyo, mama."

Tulipovuka daraja la Songwe simu za wenzangu zote zikanyamaza. Yangu tu nilikuwa nimeiunganisha ipokee nje ya nchi, kwa hiyo kila familia tuliiachia namba yangu.

Jumatano asubuhi tulikuwa Mzuzu, tumesimama kunywa chai. Simu ikaita. Dada yake Tupo, Dada Subi.

"Mama ameanguka. Tuko naye hospitali. Hawezi kuongea vizuri, ila anamwita Tupo. Mpe simu, nimwekee mama sikioni."

Tupo alikuwa hatua tatu kutoka nilipo! Anacheka na dereva, muhogo mkononi.

Nikapiga hesabu moja tu. Akisikia, atarudi. Kutoka Mzuzu mpaka kwetu ni safari ya siku moja. Na bila Tupo hakuna kikundi.

"Amelala, dada," nikasema. "Akiamka nitamwambia."

Tupo akaja anafuta mikono. "Nani huyo? Nyumbani?"

"Eeh. Wazima. Wanakusalimia."

Akatabasamu akaingia kwenye gari. Nilijiambia mama atapata nafuu. Nilijiambia presha hupanda na kushuka. Nilijiambia mengi siku ile, mpaka tunaingia Zambia.

Alhamisi tukiwa Lusaka Dada Subi akapiga tena. Safari hii analia. Mama amefariki.

"Wajomba wanauliza, tumsubiri mpaka lini? Hata Jumatatu tutasubiri. Mwambie aje tu."

Tulikuwa karibu na stendi. Niliyaona kwa macho yangu mabasi ya kwenda Tunduma. Angepanda siku ileile, angewahi, angemwona mama yake kabla hajafunikwa.

Mungu wangu, sijui kinywa kile nilikitoa wapi! Nikasema, "Dada, Tupo amesema hatawahi. Amesema mzikeni tu."

Dada Subi akauliza taratibu, "Amesema hivyo yeye?"

"Ndiyo."

"Basi tutazika Jumamosi mchana." Akakata simu.

Jumamosi tukapanda jukwaani. Tamasha lenyewe? Tulipewa dakika ishirini, jukwaa dogo la pembeni, mchana wa jua kali, watu ndio kwanza wanaingia na viti vyao. Ndicho kitu nilichouzia utu wangu!

Kabla ya wimbo wa mwisho Tupo akashika maikrofoni. "Huu ni wa mama yangu, yuko Ikuti, anachuma chai yake sasa hivi." Akaimba. Sijawahi kumsikia akiimba vile. Na mimi nyuma yake napiga gitaa, najua saa ile wanamfukia.

Jumapili asubuhi ndipo nilipomwambia. Hata hapo nikadanganya, nikasema nimepigiwa muda uleule. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye vumbi, akawa anauliza jambo moja tu: "Aliumwa lini? Mbona walisema wazima?" Njia nzima alimpigia dada yake kwa simu yangu, haikupokelewa.

Tulifika Ikuti Jumanne mchana, mvua inanyesha. Matanga yalikuwa yanakwisha, wanawake wanakunja mikeka. Tupo alishuka akikimbia. Dada Subi akamzuia mlangoni.

"Umefuata nini? Si ulisema tuzike?"

"Nilimwambia nani?"

Dada Subi akaninyooshea kidole. Watu wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ya pale inimeze.

"Na Jumatano alikuita," dada yake akaendelea, sauti inamkatika. "Nimemwekea simu sikioni, anasubiri sauti yako. Mwenzako akasema umelala. Mama akasema, mwacheni apumzike, amechoka na safari."

Tupo akanitazama. "Jumatano asubuhi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa pale," nikasema. "Pembeni yangu."

Hakunipiga. Heri angenipiga! Alinipita akaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ambako udongo ulikuwa bado mbichi. Kilio nilichosikia kule sitakieleza.

Baba yangu alikwenda na wazee kuomba radhi. Walipokelewa, wakapewa chai, wakaambiwa mimi nisikanyage pale. Kikundi kilikufa wiki ileile. Tupo haimbi tena, hata kanisani. Amehamia Kisiba, analima.

Mwezi uliopita nilimkuta sokoni Tukuyu. Nikamwita jina lake. Akageuka, akasema, "Habari za leo," kama anamsalimia mtu asiyemjua, akalipia viazi vyake akaondoka. Miaka ishirini na tano ya urafiki! Nilisimama pale nalia, muuza viazi akidhani nimeibiwa.

Mama niliyemkosea hayupo nimwangukie miguuni. Nilikuwa nimebaki na mama mmoja duniani, naye sikumzika.

Wewe unayesoma, huenda leo au kesho utapokea habari ya mtu mwingine. Usimchagulie wakati wa kuisikia. Usiseme ngoja amalize mtihani, ngoja harusi ipite, ngoja tufike. Habari hiyo si yako! Mpe simu aongee na mama yake. Mpe sasa hivi, na kama safari itavunjika, ivunjike.