Aliye Karibu na Moto

Juma lililopita nilikwenda kumjulia hali rafiki yangu aliyepooza miguu, katika nyumba ya kutunzia wasiojiweza hapa Lushoto. Nilimkuta kitandani, bakuli la uji mkononi na jiko la mkaa kando yake kwa sababu ya baridi.

Kabla sijaketi, cheche iliruka ikashika blanketi lake. Nikapiga ukelele. Watumishi watatu, mpishi, mlinzi na dobi, walikuja mbio hadi mlangoni, wakasimama. Ukutani palikuwa pamebandikwa tangazo la nyumba ile: “Aliye karibu na moto ndiye mwenye wajibu wa kuuzima.”

Mpishi akalitupia jicho, akarudi nyuma hatua moja. Mlinzi akarudi mbili.

“Uliye karibu ni wewe,” mpishi akamwambia dobi.

“Mimi? Yule mzee je?” Dobi akaninyooshea kidole, kisha akakumbuka adabu. “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba,” nikaitikia, nikasogea kando ili nilisome tangazo mwenyewe. Kusoma nimejifunza uzeeni, kwa hiyo nasoma polepole. Sijafika kwenye neno “wajibu,” nikasikia chwaa! Rafiki yangu alikuwa amemwaga uji wake wote juu ya blanketi, na moto umezimika.

“Basi na mshahara nipeni mimi,” akasema.

Tangazo lile nimelirudia mara tatu. Sijaona lilipokosea, wala sijaelewa ilikuwaje sisi wanne wenye miguu mizima tukaitumia kurudi nyuma.